Anza na swali, kitabu kitafuata: kwa walimu wapya wa darasa la tatu na la nne

Ukikabidhiwa Historia ya Tanzania na Maadili, usikimbilie sura ya kwanza ya kitabu cha kiada. Tafuta kwanza swali ambalo ushahidi wake watoto wanaweza kuufikia kwa miguu. Mimi nimefundisha Maarifa ya Jamii mkoani Tanga, kwenye ukanda wa mkonge, na swali lililozaa kuliko yote ni hili: familia zetu zilifikaje hapa?

Swali la kumfaa mtoto wa miaka tisa linataka mambo mawili. Asiwe analijua jibu, na aweze kulitafuta kabla ya wiki kwisha. "Kwa nini Wajerumani waliitawala Tanganyika?" ni swali muhimu, lakini ukianza nalo mtoto hana pa kwenda kuliulizia. Atakariri.

Ingia darasani na vitu. Mimi huweka mezani jani la mkonge, singa (nyuzi za mkonge) na kipande cha kamba, kisha nanyamaza. Wakishashika na kunusa, maswali yanaanza, nami nayaandika kwenye bango kitita kwa maneno yao wenyewe, bila kuyanyoosha. Nani alipanda? Mbona mistari imenyooka hivyo? Kwa nini babu yangu anasema kwao ni Songea? Likitokea swali kama hilo la mwisho, lishike.

Watume nyumbani wakaulize nani alifika hapa wa kwanza, alitoka wapi, na alifuata nini. Waambie wamuulize "mtu mzima unayeishi naye, au jirani". Tafadhali usiseme "baba yako". Kila darasa lina mtoto ambaye neno hilo linamfunga mdomo, na somo linalohusu watu halipaswi kuanza kwa kumuumiza mmoja wao.

Watarudi na Songea, Njombe, Kigoma, Burundi, Msumbiji. Chora ramani sakafuni kwa chaki, kila mmoja aweke kokoto mahali pake. Wakishaona jinsi kokoto zilivyo mbali na Tanga, watauliza wenyewe kwa nini watu walitoka kote huko. Sasa ndipo uwape ulichosoma: kwamba mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche ya mkonge kutoka Marekani, ikanusurika 62 tu, kwamba mashamba yalipopanuka yalihitaji mikono mingi, wakaandikishwa manamba, yaani vibarua wa mkataba, kutoka mbali, na kwamba kodi ya wakoloni iliwalazimisha wengi kutafuta fedha. Habari hizo hizo ukizitoa siku ya kwanza zinapita masikioni. Baada ya ramani, darasa zima linakaa kimya kusikiliza.

Majibu yatagongana. Mmoja atasema babu alikuja kwa hiari, mwingine atasema hakuwa na njia nyingine. Usiamue. Uliza: umejuaje? Aliyekuambia alikuwepo, au naye aliambiwa? Yuko mwingine anayesema hivyo? Wapo wanaoamini watoto wadogo hawawezi kupima ushahidi, nami nawapinga kabisa. Mtoto wa darasa la tatu anayesuluhisha ugomvi wa mpira anajua vizuri tofauti ya aliyeona na aliyesikia. Kazi yako ni kumzoesha kuitumia tofauti hiyo darasani.

Darasa la wanafunzi themanini halitembezwi mtaani kirahisi, kwa hiyo mlete mzee shuleni, kwa ruhusa ya mwalimu mkuu. Zungumza naye mapema: aje kujibu maswali, asije kuhutubia, na kama anacho kitambulisho cha zamani au kifaa cha kazi, aje nacho. Kila kundi lichague swali moja tu. Kulichagua kwenyewe ni somo, maana wanabishana lipi lina uzito.

Utaulizwa kuhusu Upimaji wa Darasa la Nne, na hofu hiyo ni ya haki kwa sababu njia hii inakula vipindi. Mimi hukomboa muda kwenye masomo mengine: barua ya kumshukuru mzee inaandikwa kwenye Kiswahili, idadi ya familia kwa kila mkoa inachorewa chati kwenye Hisabati. Muhtasari wa daftarini uandikwe mwishoni, kutokana na yale waliyoyakuta. Kisha fungueni kitabu pamoja, mkague kinakubaliana nao wapi na kimeacha nini.