Maswali na majibu: Ufadhili wa madaktari na wauguzi kutoka vijijini

Kwa nini mashirika ya hisani hupendelea wanafunzi wa mashambani, ilhali hapa Nairobi, katika mitaa kama Mathare, wapo watoto maskini waliopata alama bora kuwashinda? (Msomaji, Huruma)

Umaskini wa Mathare haukanushiki. Hata hivyo, ufadhili wa aina hii haukusudii kumwinua mwanafunzi peke yake, bali pia kuipatia zahanati ya mbali mhudumu ambaye hataomba uhamisho kabla ya mwaka kwisha. Shirika la Afya Duniani, katika mapendekezo yake ya mwaka wa 2010 yaliyohuishwa mwaka wa 2021, linataja udahili wa vijana waliokulia vijijini kuwa mojawapo ya njia za kuwabakiza wahudumu huko. Mfano ninaoupenda ni wa Afrika Kusini, ambako mpango ulioanzia katika hospitali ya Mosvold, KwaZulu-Natal, mwishoni mwa miaka ya 1990, ulikua ukawa Umthombo Youth Development Foundation. Hospitali ya nyumbani hushiriki kumchagua mwanafunzi, naye hurudi huko kufanya kazi wakati wa likizo, hivi kwamba siku ya kuajiriwa haingii wodini kama mgeni. Kwa maoni yangu, zile likizo zina nguvu kuliko hundi ya karo.

Mpwa wangu aliye Marsabit alipata C+ katika mtihani wa kidato cha nne na hataki kusikia lolote ila udaktari. Atapata mfadhili? (Mjomba, Eastleigh)

Mjomba, zungumza naye kwa upole. C+ humfungulia mtahiniwa mlango wa chuo kikuu, lakini nafasi za udaktari hugombewa na wenye alama za juu zaidi, na ni vigumu kwa mfadhili kumlipia mtu ambaye hajapata nafasi. Udaktari huchukua miaka 6, kisha mwaka wa unagenzi, yaani mafunzo ya kazi hospitalini chini ya usimamizi. Shahada ya uuguzi huchukua miaka 4, na stashahada ya KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, takriban miaka 3. Mwambie pia kwamba katika zahanati nyingi za kaunti kame, anayezalisha akina mama na kuchanja watoto ni muuguzi. Kabla ya kuomba, azikague alama zake za Biolojia, Kemia na lugha, kwa maana wastani mzuri haufuti alama mbaya ya somo linalohitajika.

Karo yangu imelipwa, lakini naona haya kumwambia mfadhili kwamba sina nauli. (Mwanafunzi wa uuguzi)

Mwambie leo. Karo ni sehemu tu ya gharama, na mfadhili asiyewahi kupanga chumba Nairobi huenda hajui kwamba mwanafunzi hununua sare, viatu vya wodini na saa yenye mshale wa sekunde ya kuhesabia mapigo ya moyo, kwamba hulipa ada za Baraza la Wauguzi, na kwamba anayetoka zamu ya usiku akiwa hana nauli hulazimika kutembea barabarani alfajiri. Andika orodha yenye bei halisi. Orodha haina aibu. Ulizia pia mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu, lakini mjulishe mfadhili kabla ya kuuchukua.

Mkataba unanitaka nihudumu nyumbani mwaka mmoja kwa kila mwaka niliofadhiliwa. Je, huu si utumwa? (Mwanafunzi wa udaktari)

Si utumwa, mradi uliuelewa kabla ya kutia sahihi. Umthombo nao hudai mwaka kwa mwaka. Tatizo la Kenya liko kwingine. Tangu huduma za afya zigatuliwe mwaka wa 2013, waajiri wakuu wa madaktari na wauguzi wa umma vijijini ni serikali za kaunti, na shirika la hisani haliwezi kukuahidi ajira lisiyoimiliki. Hata unagenzi huweza kukawia: mgomo wa madaktari wa mwaka wa 2024, uliodumu siku 56, ulichochewa pia na kucheleweshwa kwa wanagenzi kupangiwa vituo. Dai kifungu kinachoeleza yatakayofuata iwapo kaunti haitakuajiri, utasubiri kwa muda gani, na kama ufadhili utageuka deni. Mkataba usiogusia hayo haujakamilika, hata kama umeandikwa kwa nia njema.

Mtu amenipigia simu akitaka shilingi 2,000 za fomu ya ufadhili. (Mzazi, Kawangware)

Usitume. Ikiwa umeshatuma, hifadhi ujumbe wa M-Pesa na uupeleke kituo cha polisi.