Re: Yai limekaa kabatini siku tatu, mbona haliangui?

Kaka, umeuliza kwa nini yai uliloliokota kwenye Subnautica, ule mchezo wa video wa chini ya bahari, haliangui kabatini. Kabatini halitaangua hata ukae mwaka. Linahitaji tangi la viumbe, lile la vioo linalojengwa ndani ya chumba kikubwa cha duara. Tangi lataka titani 2 na vioo 5, na kila kioo kinakula kwatzi 2, kwa hiyo chota kwatzi 10 kabla hujarudi kambini.

Ukishalijenga, ogelea uingie kupitia mlango wake, ufungue begi, uliachie yai humo humo ndani. Litatua chini. Jina lake hutalijua mpaka litotoe. Kabla ya hapo linaitwa yai lisilojulikana tu.

Mayai ya Stalker, yule kiumbe mkali wa baharini, yatafute kwenye msitu wa mwani mrefu. Piga tochi chini kabisa, kwenye mchanga kati ya mashina, maana wengi wanaogelea juu juu wakayapita. Ukiwa na wawili wa aina moja, watazaana wenyewe humo tangini.

Lakini nakuomba sana, tafuta yai la Cuddlefish. Anakufuata, unamlisha samaki mkononi, unacheza naye. Hakuna kiumbe kingine nilichokipenda hivyo kwenye mchezo huu.

Na sevu kila mara! Mchezo haujisevu. Hapa Kondele stima ilipotea nikiwa nimetoka tu kuliokota yai la Cuddlefish, nikaanza safari upya usiku ule ule.