Ukitaka Kukijua Kisiwa, Anza na Majirani Zake

"Kaka, hizi ramani huwa unazishika vipi kichwani?" Msomaji mmoja kaniuliza hivyo baada ya chemsha bongo ya wiki iliyopita, pale lilipokuja swali la kisiwa kikubwa kuliko vyote duniani kisichokaliwa na watu. Nikajibu Devon, kule kwenye barafu ya kaskazini mwa Kanada, kisha nikataja na majirani zake bila kuulizwa. Ndiyo, nilitamba. Kuna wenzangu kazini walionicheka zamani, "Hiyo barafu utaila?", na aliyecheka kuliko wote namkumbuka mpaka leo.

Mimi jina la kisiwa peke yake halinikai. Nashika maji yanayokizunguka. Chukua kalamu: kaskazini mwa Devon kuna mlangobahari wa Jones, ng'ambo ni Ellesmere. Kusini ni Lancaster, ng'ambo ni Baffin, kisiwa cha tano kwa ukubwa duniani. Magharibi mfereji wa Wellington unakitenga na Cornwallis, kilipo kijiji cha Resolute. Mashariki ni ghuba ya Baffin. Ukiivuka, Greenland hiyo. Sasa funga macho uzunguke tena. Ukikwama, rudia.

Halafu tafuta habari za watu, hata kama kisiwa hakina watu. Devon ina kilomita za mraba 55,000 hivi, zaidi ya mara 30 ya Unguja. Mwaka 1934 familia za Wainuiti, wenyeji wa kaskazini hiyo, zilihamishiwa Dundas Harbour, pwani ya kusini; kufika 1936 zikaondolewa, maana barafu ya bahari ile haikuwa rafiki kwa wawindaji. Kwenye kijisiwa cha Beechey, kusini-magharibi, yapo makaburi matatu ya mabaharia wa John Franklin, mvumbuzi Mwingereza, waliofariki mwanzoni mwa 1846. Tangu nisome habari hiyo, Beechey siitafuti tena, kidole kinakwenda chenyewe. Na lipo shimo la Haughton, upana wa kilomita 20 hivi, lililochimbwa na kimondo. Wataalamu huenda huko kujizoeza mazingira ya sayari ya Mirihi.

Vijana mnapenda vifupisho na nyimbo za kukariri. Acheni. Chora, rudia, chora tena.

Devon ikikukaa, vuka Jones uende Ellesmere. Kati yake na Greenland pana mlangobahari wa Nares, na humo kijisiwa cha Hans, ambacho Kanada na Denmark walikigombania miaka mingi hadi walipokubaliana kugawana mwaka 2022. Watunga maswali wanakipenda mno hicho.