Na mwili wangu huu, nitaweza yoga?

Swali: Mwalimu, niko na miaka 58, naishi Nyalenda hapa Kisumu, goti la kulia linaniuma na mwili ni mkubwa. Binti yangu ananisukuma nije klasi yako lakini wale wa kwa picha ni wembamba wanajikunja kama kamba. Kweli nitatoshea?

Jibu: Mama, karibu sana na pole na goti. Zamani nilikuwa nafundisha vile nilifundishwa, wote pozi moja, ukishindwa unakaa pembeni. Siku moja akaja mama mmoja, kushuka chini akaweza, kuinuka ikakataa, akashika ukuta akitetemeka, halafu akakunja leso yake akaenda na hakurudi tena. Hiyo kitu ilinisumbua miezi mingi. Nikaanza kusoma, kumbe mwalimu wa yoga B.K.S. Iyengar wa India, aliyezaliwa 1918 na akaugua sana utotoni, ndiye alieneza kutumia viti, mikanda na vipande vya mbao ndio kila mwili ufikie. Sasa kwangu kuna viti vya plastiki, na leso ndio mkanda. Unakaa, nyayo zimegusa sakafu, unavuta pumzi ukiinua mikono, unaitoa ukishusha, na hiyo ni yoga kamili, si ya kuhurumiwa. Pia siku hizi simgusi mtu kumrekebisha kabla sijamuuliza. Goti likiwa limefura ama linakwama onana na daktari kwanza, usinifiche. Kuja na leso, hata dera ni sawa.