Madawati, mafuta na ripoti ya benki

Swali: Mimi ni mhasibu wa kiwanda cha kukamua alizeti Singida. Mwaka jana tulitoa madawati 120 kwa shule ya msingi na katoni 300 za mafuta kwa vituo vya watoto yatima. Wafanyakazi nao walipanda miti. Sasa benki inayotukopesha imeomba ripoti ya uendelevu. Mkurugenzi anasema niweke picha za makabidhiano na jumla ya shilingi, basi. Mafuta niyathamini kwa bei gani? Na je, hiyo inatosha?

Jibu: Nianze na mafuta, maana ndiyo rahisi. Yathamini kwa gharama ya kuyazalisha, si kwa bei ya dukani. Tuseme katoni iliwagharimu Sh 60,000 na dukani inauzwa Sh 78,000. Katoni 300 kwa gharama ni Sh 18,000,000. Kwa bei ya dukani ni Sh 23,400,000. Hizo 5,400,000 za juu hazikutoka mfukoni mwa mtu. Mfumo wa B4SI wa kupima michango ya kampuni kwa jamii, ulioanza mwaka 1994 kwa jina la London Benchmarking Group, nao unahesabu kwa gharama. Miti je? Kama ilipandwa siku ya kazi huku mshahara unatembea, hesabu saa hizo kwa gharama ya mshahara. Kama ilikuwa siku yao ya mapumziko, taja saa, fedha usiweke. Jasho lilikuwa lao.

Mahema, spika na fulana za siku ya makabidhiano visiingie kabisa kwenye hesabu ya mchango. Niliwahi kupitia jedwali la "mchango kwa jamii" la kampuni moja nikakuta hafla imekula kuliko vifaa vilivyokabidhiwa, hadi posho za waandishi zimo. Jumla ilipendeza kweli.

Sasa swali la pili: hapana, haitoshi. Benki haikuuliza mmetoa nini, inauliza biashara yenu inaishije. Viwango vya kimataifa vya ripoti za uendelevu, IFRS S1 na S2, vilivyotolewa Juni 2023, vinamtazama mwekezaji na mkopeshaji: ni nini kinaweza kutikisa fedha zenu? Kwa Singida jibu halihitaji mtaalamu kutoka mbali. Mvua ikikata, alizeti hakuna, mashine zinalala, rejesho la mkopo linabaki palepale. Andika hilo kwanza: miaka mitano iliyopita mlinunua tani ngapi, mwaka wa ukame zilishuka kiasi gani, na mnafanya nini.

Viwango vya GRI, navyo vya kimataifa vya ripoti hizi, ambavyo toleo lake la 2021 lilianza kutumika Januari 2023, vinageuza swali: ninyi mnawafanyia nini watu na mazingira? Hapa acha kompyuta. Simama getini asubuhi magunia yanaposhushwa, ufuate mzigo hadi maji machafu yanapotokea. Boila inachoma makapi ya alizeti au kuni, na kuni za nani? Maji yanaishia wapi? Mizani ilikaguliwa lini? Mkulima anayelazimishwa lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, hafutwi machozi na dawati la mwanawe, na afisa mikopo aliyekulia kijijini analijua hilo vizuri.

Madawati yapate nusu ukurasa. Madawati 120 ya watoto watatu watatu ni nafasi za kukaa 360. Hicho ndicho kilichotolewa, hakijawa mabadiliko. Rudi shuleni baada ya mwaka, uhesabu yaliyo mazima, umuulize mwalimu mkuu wangapi bado wanakaa sakafuni. Yakiwa yamevunjika 30, andika 30.

Pengo usilizibe kwa maneno matamu. Kama maji hamjayapima, sema hamjapima na mita itafungwa mwezi gani. Mkurugenzi aking'ang'ania picha, mwekee moja: ya mizani, cheti cha ukaguzi kikionekana.