Usipige marufuku plastiki ukiwa barazani

Nilianza vibaya. Jioni moja nilirudi kutoka barazani, kichwa kimejaa habari za punda wa jirani. Punda yule alivimba tumbo siku tatu, hali, hanywi, na alipokufa daktari wa mifugo akatuambia utumbo wake ulizibwa na nailoni. Punda hali nailoni kwa ujinga. Hufuata chumvi na harufu ya chakula iliyobaki ndani. Na mifuko iliyonuka mbaazi pale jaani kwetu Langoni, mtaa wa Lamu, mingine ilitoka jikoni mwangu.

Basi nikatangaza: kuanzia kesho plastiki haiingii humu ndani. Nikakusanya ndoo, madumu na makopo, nikavirundika uani. Mwenzangu akanitazama, akaniuliza, "Na unga nitautia wapi, mkononi?" Kulipokucha kila kitu kilikuwa kimerudi mahali pake, na kwa wiki mbili hakuna aliyelitaja jambo lile.

Kosa langu lilikuwa kutoa amri ambayo taabu yake ingemwangukia mtu mwingine. Wanaume wenzangu, hapo ndipo tunapoharibu. Kopo lililokaa jikoni miaka minane liacheni mpaka lipasuke. Wa kuandamwa ni mfuko unaotumika dakika kumi tu, kutoka kwa muuzaji hadi mezani, na wa kuuandama ni yule anayetumwa sokoni. Nyumbani kwetu huyo ni mimi na watoto.

Tulianza na mbaazi. Mtoto huenda asubuhi na kisufuria chenye mfuniko, na kipande cha leso kuukuu cha kufungia mahamri. Siku ya kwanza muuzaji alizitia mbaazi kwenye mfuko kwa mazoea, akaufunga vizuri, kisha akautumbukiza ndani ya sufuria yetu! Ikabidi niende mwenyewe. Siku hizi mambo yamenyooka, tena tumefaidi: sufuria ni kubwa kuliko mfuko wake, na upawa huwa unamponyoka ukaongeza kidogo.

Mafuta tunanunua ya kupima, kwa chupa ileile. Sabuni ni ya kipande. Hayo hayakutushughulisha.

Kikapu ndicho kilichotufunza. Nilinunua kimoja cha ukili, kazi ya kijiji cha Matondoni, nikakitia samaki, mboga, kila kitu. Wiki ya pili kilinuka hata paka wakawa wanatusindikiza. Samaki wana chombo chao: pakacha la makuti, ambalo likichakaa halimdhuru punda wala kasa. Kikapu cha ukili ni cha vitu vikavu, na kikirowa kianikwe siku hiyohiyo, la sivyo kitaota ukungu. Vyote viwili tumevitundika kwenye msumari kando ya mlango. Vilipokuwa jikoni nilikuwa navikumbuka nikiwa tayari nimefika sokoni.

Wapo wanaoniambia, si mifuko ilishapigwa marufuku? Kweli, hapa Kenya tangu Agosti 28, 2017, na faini yake hufika shilingi milioni 4. Lakini ile myembamba isiyo na mkono bado huchomolewa chini ya meza, na ukiipokea wewe ndiye unayeiweka sokoni. Wengine hunitajia Flipflopi, lile jahazi lililoundwa hapahapa Lamu kwa plastiki iliyookotwa na ndara kuukuu, likatweka hadi Zanzibar mwaka 2019. Nililiona, na nilijivuna kama kila mtu. Ila kwangu mimi jahazi zima la takataka ni ushahidi wa jinsi tunavyotupa.

Kwa maji ya chupa, aliyetuokoa ni mama mkwe wangu. Alikuja kututembelea, akaona chupa tupu zimepangwa ukutani, akacheka. Akaagiza mtungi. Mtungi mpya huloweshwa na kumwagwa maji siku kadhaa, kwa maana mwanzoni maji huwa na ladha ya udongo. Kisha hukaushwa, ukafudikizwa juu ya chetezo chenye ubani mpaka moshi uingie ndani. Maji tunayachemsha, yakipoa tunayachuja kwa kitambaa safi, tunayamimina, tunafunika. Uwekeni penye upepo, maana mtungi hupoza maji kwa kutoka jasho. Na kata iwe na mpini mrefu, watoto wasichovye mikono. Baada ya mwezi watoto waliyakataa maji ya chupa, eti hayana harufu.

Nepi zimetushinda. Nilisema tutumie za kitambaa, mwenzangu akajibu, "Ukizifua wewe, mimi nitazivisha." Nikazifua. Ilikuwa mwezi wa Mei, masika, hazikauki, nyumba nzima imetandazwa nepi hadi juu ya viti vya wageni. Tukapatana: mchana kitambaa, usiku za kutupwa. Barafu na ubuyu vya watoto navyo bado vinaingia na nailoni zake, na sioni njia ya kumnyima mtoto barafu mwezi wa Februari.

Juzi nilipita ufukoni mikono mitupu, nikakuta samaki aina ya changu, wabichi, nikawanunua. Muuzaji akawatia kwenye nailoni, nami nikanyamaza. Nilipofika nyumbani, binti yangu wa miaka saba alikuwa mlangoni. Hakunisalimu. Alitazama mfuko, akatazama pakacha msumarini, kisha akamwita mamake.