Kusafisha seva ya kampuni iliyojaa faili zisizotumika

SWALI: Nimeajiriwa hivi karibuni kusimamia tovuti ya kampuni inayouza pembejeo za kilimo hapa Kisumu. Seva ina faili zaidi ya 12,000, zikiwemo "bei-mpya", "bei-mpya2" na "bei-mpya-ya-mwisho", na waliozipakia walishaacha kazi. Diski inakaribia kujaa. Nitajuaje ni zipi hazitumiki ili nizifute?

JIBU: Ndugu msomaji, umefanya vyema kuuliza kabla ya kufuta. Toa kwanza nakala kamili ya seva, uiweke kwenye diski iliyo mahali pengine, kisha ujaribu kurudisha faili mbili tatu kutoka humo.

Kuna kundi moja lisiloweza kungoja. Tafuta leo hii faili zinazoishia kwa .sql (nakala za hifadhidata), .zip (faili zilizobanwa) na .bak (nakala za akiba) ndani ya folda inayofikiwa na umma. Faili ya .php, yaani ya programu ya tovuti, huendeshwa na seva, na mgeni hupata matokeo yake tu. Lakini ikipewa jina config.php.bak, seva kwa kawaida humkabidhi yeyote anayeiomba maandishi yote yaliyomo, pamoja na neno la siri la hifadhidata. Ziondoe hapo, ubadilishe maneno ya siri, na ukikuta orodha ya wakulima na namba zao za simu, mwarifu mkurugenzi mara moja, kwa kuwa jambo hilo linaigusa Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019.

Kwa faili zilizobaki, usitegemee tarehe ya kusomwa mara ya mwisho, kwa sababu programu ya kunakili inaweza kuzisoma zote usiku mmoja na kuzifanya zionekane hai. Ushahidi bora umo katika kumbukumbu za seva, ambamo kila ombi huandikwa. Linganisha orodha ya faili zilizo kwenye diski na zile zilizoombwa, ukihesabu majibu ya 200, yaani faili imepatikana na kutumwa, na pia ya 304, ambayo humaanisha kwamba kivinjari cha mgeni kina nakala ambayo bado ni sahihi. Kisha tafuta jina la kila faili ndani ya msimbo na hifadhidata, kwani faili inayoitwa na programu nyingine ndani ya seva haionekani katika kumbukumbu hizo.

Nasisitiza hili kwa sababu niliwahi kukosea. Katika kampuni moja ya Nakuru niliondoa folda iliyoitwa "jaribio", nikiamini kwamba hakuna aliyeifungua. Ndani ya folda hiyo kulikuwa na programu fupi iliyopokea uthibitisho wa malipo ya M-Pesa. Fundi aliisajili anwani hiyo wakati wa majaribio, na haikubadilishwa tena. Wateja walilipa mchana kutwa bila oda zao kuonekana. Kumbukumbu zilikuwa zimeandika kila ombi, ila mimi nilihesabu ya GET pekee, yaani ya kuomba ukurasa au faili, ilhali uthibitisho ulikuja kwa POST, yaani ombi la kutuma data.

Zingatia pia msimu. Apache, programu ya kuendesha tovuti, kwenye mfumo wa Ubuntu, isipobadilishwa mpangilio, huhifadhi kumbukumbu za siku 14 tu, na fomu ya kuagiza mbegu inayotafutwa sana kabla ya mvua ya masika itaonekana imekufa ukiichunguza mwezi Agosti. Ongeza muda huo sasa. Faili unazozishuku zihamishe hadi folda iliyo nje ya eneo la umma, ukidumisha mpangilio wake wa awali, kisha ufuatilie majibu ya 404, yaani faili haikupatikana, kwa msimu mzima; inayoombwa na watu, au na mfumo kama ule wa malipo, hurudishwa. Anwani za orodha za bei za zamani zielekeze kwa 301, yaani jibu la kuhama moja kwa moja, kwenye orodha ya sasa. Ankara usiziguse kabla ya kumwuliza mhasibu, kwa kuwa sheria ya kodi hutaka kumbukumbu zitunzwe kwa miaka 5.

Kuhusu diski kujaa, endesha amri ya du uone ni folda zipi nzito zaidi. Mara nyingi nimekuta nafasi imeliwa na nakala za akiba za miaka iliyopita na picha za kamera zisizopunguzwa ukubwa, wala si na hizo PDF ndogo za bei. Mpelekee mkurugenzi orodha hiyo kwanza. Huenda ukapata nafasi ya kutosha bila kuharakisha uchunguzi wa faili nyingine.